Mgeni Akija Iringa Kiangazi, Usimkimbizie Ruaha

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa binti anayesoma mwaka wa pili hapa Iringa. "Dada, shikamoo. Mama na mjomba wanakuja kutoka Tanga mwezi wa nane kunisalimia, mimi nimebaki kwa ajili ya fildi. Hela ya kwenda hifadhi ya Ruaha hatuna. Niwapeleke wapi wasije wakaona wamepoteza nauli?" Nilimjibu kwa kifupi siku ile ile. Jibu refu naliandika hapa, maana najua wengi mnaonisoma mna hamu kama yangu: kupokea wageni, kuwatembeza wakafurahi, na Mungu akijalia kupata riziki humo humo.

Nianze na linaloniuma, kisha tuendelee. Nilipomaliza chuo nilikwenda kwenye ofisi moja ya kutembeza watalii na wazo nililoliandika vizuri kabisa: ziara ya kutwa kwa familia za wanafunzi, kufuata nyayo za Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kuanzia mjini. Mkubwa wa pale hakufika hata ukurasa wa pili. Akanirudishia karatasi zangu akasema, "Binti, watu wanataka simba. Nani atatoa hela yake kuangalia mawe na fuvu?" Nilitoka pale machozi yakinilenga. Miaka imepita na sauti ile bado ninayo masikioni. Ila kiangazi hiki, tangu vyuo vifunge, sijakaa Jumamosi bila wageni, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza simba yuko wapi kabla hajamaliza kuniuliza habari za Mkwawa.

Siri yenyewe ni hii: mpe mgeni kisa, na umpe kwa mpangilio wake. Ukimrusharusha, leo jiwe, kesho soko, keshokutwa makumbusho, ataondoka na picha nyingi kwenye simu na asijue alikuwa wapi. Iringa ina bahati ambayo miji mingi haina. Kisa chake kikubwa kimelala barabarani, unakifuata kwa gari mwanzo mpaka mwisho.

Mwanzo ni Lugalo, upande wa barabara ya Dar es Salaam. Pale ndipo Wahehe walipolivamia jeshi la Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891, wakamuua kamanda wao Emil von Zelewski na sehemu kubwa ya watu wake. Mnara upo. Wageni wanaokuja mwezi wa nane wanafika karibu na tarehe yenyewe, na ukiwaambia hivyo wakiwa wamesimama pale pale, utaona wanavyoanza kuangalia vichaka kwa macho mengine. Hapo usikae sana, vumbi la kiangazi ni kali na kivuli hakuna cha maana.

Kisha Kalenga. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini, kwenye barabara ya kwenda Ruaha, na daladala zinafika. Palikuwa makao makuu ya Mkwawa, na ngome yake ilianguka mikononi mwa Wajerumani mwezi wa kumi mwaka 1894. Yeye hakukamatwa. Aliendelea kupigana msituni miaka karibu minne, mpaka alipojipiga risasi mwezi wa saba mwaka 1898 ili asishikwe akiwa hai. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, ukaweka kifungu kilichodai pia fuvu hilo lirudishwe. Lilirudi mwaka 1954 tu, gavana Edward Twining akalikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule yule ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Leo liko pale Kalenga ndani ya kioo.

Mwezi uliopita nilikuwa na familia moja, baba yao mwalimu mstaafu, mzee mkimya ambaye njia nzima hakusema neno. Tulipoingia ndani alivua kofia. Akainama kwenye kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu, akaufuta kwa kiganja, akaangalia tena. Watoto wake walikuwa wanasubiri picha. Mzee akanigeukia: "Na mwili uko wapi, mwanangu?"

Swali hilo ndilo ninalolisubiri kila nikifika Kalenga, na likija najua kazi imekwenda. Mwili uko Mlambalasi, kwenye barabara hiyo hiyo ya Ruaha, kama kilomita 50 kutoka Iringa mjini, karibu na mwamba alikojiulia. Familia ile ilikuwa iondoke kesho yake asubuhi. Mzee akakataa katakata, akasema tiketi zibadilishwe. Tulikwenda Mlambalasi, tukakaa kaburini muda mrefu, na mzee yule, jamani, ndiye aliyekuwa anawasimulia wanawe wakati wa kurudi. Mimi nilinyamaza. Nilimkumbuka yule bwana na simba wake, na moyo wangu ukatulia kidogo.

Kwa hiyo jifunze kisa kabla hujatoka nyumbani. Nasisitiza: jifunze kisa. Kama huna msingi, anza na Makumbusho ya Iringa Boma pale mjini, kwenye jengo la enzi za Wajerumani. Chuo Kikuu cha Iringa kilishiriki kuyaanzisha kupitia mradi wa Fahari Yetu. Nenda peke yako kwanza, soma kila kibao, uliza wahudumu maswali mpaka uridhike, ndipo umpeleke mgeni.

Isimila nayo, lile korongo la zana za mawe za kale, usiiache. Iko kama kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya. Panda gari la Ifunda au Mafinga, shuka njia panda, malizia kwa bodaboda au kwa miguu. Watu wanapenda zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji na upepo, ndefu kuliko nyumba, na kweli zinapendeza. Lakini kwa mgeni mwanafunzi, au mzazi wa mwanafunzi, mimi huanza na habari ya mwaka 1951: aliyegundua zana za mawe pale alikuwa mwanafunzi tu kutoka Afrika Kusini, akipita njia kurudi kwao. Akaokota, akapeleka kwa wataalamu, na mwaka 1957 na 1958 Chuo Kikuu cha Chicago kikaja kuchimba. Yakatoka mashoka ya mawe mengi ajabu, na mifupa ya kiboko wa kale ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa, hivyo aliweza kuchungulia mwili mzima ukiwa majini. Mwambie mtoto habari ya kiboko huyo uone kama atataka kuondoka. Nenda asubuhi au baada ya saa tisa, maana adhuhuri korongo lile linawaka kama tanuri.

Jioni moja iwe ya Gangilonga. Jiwe liko ndani ya mji, kupanda ni kifupi, na wenyeji wanasema Mkwawa alikuwa akipanda pale kutafakari. Ukiwa juu unauona mji wote. Asubuhi moja iwe ya Soko Kuu na vile vikapu vya milulu wanavyosuka kina mama wa Kihehe. Mama yako atanunua, usimzuie, na wala usimsaidie kupunguza bei mpaka mfumaji akaumia. Chakula cha mchana, Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya ajira za watu wenye ulemavu. Mara ya kwanza kumpeleka mama yangu mdogo, mhudumu alikuwa kiziwi, wakaelewana kwa vidole na karatasi, na mama akarudi nyumbani anajua kusema asante kwa mikono.

Ruaha ni hifadhi kubwa, karibu kilomita za mraba 20,000, na kiangazi ndio wakati wake hasa, mto unapopungua na wanyama kujaa kwenye maji yaliyobaki. Siikatai. Ila ni kilomita 130 kutoka mjini, na ukienda kwa kukimbizana utaona vumbi na migongo ya tembo. Mwenye hela apitie Kalenga, apitie Mlambalasi, alale vijiji vya jirani na hifadhi, aingie alfajiri. Barabara ni hiyo hiyo moja.

Na ninyi wanafunzi wenzangu wa zamani na wa sasa, wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa, wa RUCU (chuo kikuu cha Wakatoliki), wa Chuo Kikuu cha Iringa, hapa lazima niseme. Mnakaa miaka mitatu hapa. Mnajua kila sehemu ya chipsi Kihesa. Kalenga hamjafika. Mzazi anauza mahindi apate nauli ya kuja kukuona, wewe unamkalisha chumbani siku nne anaangalia ukuta, halafu unasema Iringa hakuna kitu. Mji umekupokea, umekusomesha, na hujui hata kumwamkia mzee wa Kihehe "kamwene" akaitikia. Hilo linanikera, na sitaacha kulisema.

Mdogo wangu wa Tanga, ratiba yako hii. Siku ya kwanza wapumzike, jioni sokoni. Siku ya pili Boma na Kalenga, na mjomba akiuliza mwili uko wapi, siku ya tatu ni Mlambalasi. Asipouliza, Isimila. Kama mama ana shida ya magoti, Gangilonga wapande wewe na mjomba. Wote wabebe vitambulisho vya taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni kidogo. Na uwapigie simu leo hii wabebe masweta mazito: tuko juu ya mita 1,500, na baridi ya usiku ya mwezi wa nane itawapokea pale pale stendi ya Igumbilo.