Jibu: Kwa nini atomi hupozwa kwanza, ndipo molekuli iundwe

Ndugu, umeuliza kwa nini watafiti hupoza mchanganyiko wa gesi mbili za atomi ndipo waunde molekuli, badala ya kuipoza molekuli yenyewe kwa leza. Sababu ni kwamba molekuli hutetema na kuzunguka, hivyo ikishafyonza fotoni (chembe ya mwanga) na kuitoa huweza kuangukia hali nyingine ya nishati ambayo leza ile haiigusi tena, na upozaji hukomea hapo. (Zipo chache zinazokubali kupozwa hivyo, lakini ni za pekee.)

Katika maabara ya JILA, Marekani, mwaka 2008, atomi za potasiamu na rubidiamu ziliunganishwa kwa kubadilisha uga wa sumaku karibu na gausi 546 (gausi ni kizio cha nguvu ya uga wa sumaku). Molekuli inayopatikana hapo ni dhaifu mno. Huteremshwa hadi hali ya nishati iliyo ya chini kabisa kwa mapigo mawili ya leza, na ajabu ni kwamba pigo linalogusa hali ambazo bado ni tupu, yaani zisizo na molekuli yoyote, ndilo hutangulia. Kwangu mimi, hapo ndipo penye ustadi wenyewe. Hata hivyo, molekuli hizo zikigongana mbili hubadilishana atomi na kupotea, jambo linalofupisha muda wa kuzichunguza.