Wa sekunde 2 na wa sekunde 4

SWALI: Shikamoo Mama. Huku Ifakara mvua zikikolea, vimulimuli hujaa kandokando ya mashamba ya mpunga. Niliona kwenye televisheni kwamba Japani kuna kimulimuli aitwaye genji: wa magharibi humulika kila sekunde 2, wa mashariki kila sekunde 4, na wataalamu wamepima "vinasaba vya mama". Je, hao ni spishi moja au mbili? Na hivyo vinasaba vya mama ni kitu gani? Pia mjomba wangu ana nyumba ya wageni huko mlimani, anataka nimpelekee ndoo ya vimulimuli. Kuna ubaya? – Msomaji, Ifakara

JIBU: Marahaba mwanangu. Kila seli ya mdudu ina kiini chenye vinasaba vya baba na mama. Lakini nje ya kiini kuna mitokondria, zile chembe zinazoizalishia seli nguvu, nazo zina vinasaba vyake zenyewe: mduara mdogo wa herufi kama 16,000 (A, C, G na T, alama za kemikali nne zinazounda vinasaba) wenye jeni 37, yaani vipande vyenye maagizo ya kazi. Hizi hurithiwa kupitia yai, mchango wa baba haubaki. Ni nasaba ya kuukeni tupu, bibi hadi mama hadi binti. Kwa kuwa hazichanganyiki na za kuumeni, herufi ikibadilika kwa mama mmoja, badiliko hilo huwafuata uzao wake wote wa kike, nasi tunalifuata nyuma kama nyayo.

Nimekaa maabara miaka 19, na hatua ya kuvisoma vinasaba hivi bado naipenda. Unachukua kimulimuli aliyehifadhiwa kwenye spiriti kali, unang'oa mguu mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea, unausaga ndani ya kichupa. Mwili unautunza na lebo ya mahali na tarehe, maana mtaalamu wa wadudu atataka kuukagua tena. Mguu huo unatosha kwa sababu seli ina kiini kimoja, lakini nakala za vinasaba vya mitokondria ni mamia. Mashine inapasha moto na kupoza, inapasha na kupoza, zaidi ya mara 30, hadi kipande ulichokitaka kinakuwa nakala mamilioni. Kipande kinachotumika sana, cha jeni ya COI, kina herufi 658. Ukipanga vimulimuli wawili mstari chini ya mstari, unaona kwa macho yako: huyu ana A, mwenzake ana G.

Sasa genji. Mwaka 2002 mtafiti Suzuki na wenzake walichapisha kazi waliyopima jeni nyingine ya mitokondria, COII, kwa genji wa sehemu nyingi za Japani. Nasaba za kuukeni ziligawanyika kwa maeneo, na wa mashariki wakatengana na wa magharibi karibu na Fossa Magna, bonde kuu la kijiolojia linalokata katikati ya kisiwa cha Honshu. Hapo hapo ndipo mmuliko unapobadilika. Hata hivyo wanahesabiwa spishi moja yenye koo zilizokaa mbalimbali muda mrefu.

Usiiamini mitokondria peke yake, mwanangu. Mama aliyezaa madume matupu, nasaba yake ya kuukeni imekatika ingawa damu yake ipo. Na jike wa spishi moja akizaa na dume wa jirani yake, uzao unaweza kufanana na kuumeni vizazi vingi huku ukibeba mitokondria ya kuukeni. Ndiyo maana waliochora ukoo wa vimulimuli wa Amerika Kaskazini mwaka 2007 walipima vipande viwili vya mitokondria pamoja na kimoja cha kiini. Waliona kwamba baadhi ya koo ziliacha taa za usiku na kurudi kuruka mchana, tena zaidi ya mara moja.

Ndoo ya mjomba ndiyo inayoniuma. Huko Tatsuno, mkoa wa Nagano, genji wa magharibi waliletwa kuvutia watalii, na sasa wanamulika kwa kasi ya kwao katikati ya nchi ya wenzao. Wanapochanganyika na wenyeji, mitokondria za majike wageni hubaki bondeni, na historia iliyoandikwa kwa maelfu ya miaka inavurugwa kwa msimu mmoja. Tena lava wa genji, yaani mtoto wake kabla hajaota mabawa, huishi majini na kula konokono. Ukihamisha mdudu bila maji yake na chakula chake, wengi watakufa tu. Mwambie mjomba azime taa za nje saa za jioni na aache majani mabichi kando ya kijito. Wa hapo hapo mlimani, kama wapo, huenda wakajitokeza.

Wewe wa Ifakara chukua saa yenye mkono wa sekunde. Chagua kimulimuli mmoja anayeruka, hesabu sekunde kati ya mmuliko na mmuliko mara 10, uandike saa, mahali, na joto la hewa, maana jioni ya baridi humulika polepole. Ukikuta miendo miwili tofauti shamba moja, usiku mmoja, joto moja, niandikie haraka.