Tunatia dawa kwenye maji ya shule, mbona watoto bado wanaharisha?

SWALI: Shuleni kwetu tuna pipa la maji ya kunywa la lita 200. Kila asubuhi tunatia dawa ya klorini, kisha wanafunzi wanachota kwa kikombe kimoja. Bado wanaharisha. Baadhi ya wazazi wanasema kikombe hicho kinaleta TB na Ukimwi. Je, ni kweli? Na dawa imeshindwa kazi? (Mwalimu wa afya, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, wazazi uwatoe hofu. VVU haviambukizwi kwa kuchangia kikombe, na TB huenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa. Mate yanayobaki ukingoni yanaweza kupitisha mafua, kwa hiyo kila mtoto akija na kikombe chake ni vizuri. Ila kwa kuhara, mimi nashuku mikono kuliko midomo.

Simama mchana uwatazame wanavyochota. Maji yakishapungua, mtoto anainama na mkono unazama pamoja na kikombe. Kama ametoka chooni bila kunawa kwa sabuni, maji ya shule nzima yamechafuka. Vijidudu vya Shigella, vinavyoleta kuhara damu, havihitaji kuwa vingi: hata chini ya 100 vinatosha kumwangusha mtu.

Dawa yenu haijashindwa, inaisha. Kila uchafu unaoingia pipani hula sehemu ya klorini. Nusu saa baada ya kutia dawa inatakiwa ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita, na pale mtoto anapokunywa isipungue 0.2. Mwombe afisa afya wa kata aje na kipimo apime saa sita mchana, si asubuhi. Kipimo cha vidonge vya DPD hugeuza maji kuwa ya waridi klorini ikiwepo. Rangi isipobadilika, imekwisha. Msiongeze dawa kwa kukisia. Na kama maji yana tope, yaacheni yatuame na kuyachuja kwanza, maana tope nalo hula dawa.

Fedha ikiwa ya jambo moja tu, wekeni koki. Fundi bomba atatoboa pipa juu kidogo ya kitako, nanyi mfunike na kufunga kwa kufuli. Utelezi ulioganda ndani uondoeni kwa brashi kila wiki, kwa sababu vijidudu hujificha humo. Kando ya choo tundikeni kibuyu chirizi chenye sabuni. Watoto wenyewe wanaweza kukitengeneza kwa dumu.

Hali isipobadilika, chunguzeni chanzo chenyewe, hasa kama ni kisima kilicho karibu na choo. Tena kuna vimelea, kama Cryptosporidium, ambavyo klorini haiviui; kuchemsha ndiko kunakoviua. Pelekeni maabara sampuli mbili za siku moja, ya kisimani na ya pipani mchana. Chupa ziombeni hukohuko maabara, kwa sababu ile ya maji ya pipa lazima iwe na kemikali ya kuzima klorini, la sivyo dawa itaendelea kuua vijidudu njiani na majibu yatawadanganya.