Skena ya mkononi isiyokaa na chaji: pima kabla hujanunua betri nyingine

Februari 2021, umeme ulipokatika hapa Fort Worth, Texas, nilijua nimejiandaa. Tochi ninazo, maji ninayo, na juu ya kabati la jikoni ipo skena yangu ya mkononi, ile ninayosikilizia taarifa za hali ya hewa na marubani wanaotua uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth (DFW). Betri zake mbili za kuchaji nilikuwa nimezichomeka usiku kucha. Skena ikazungumza kwa saa mbili na ushee, ikalia mlio wa betri kuisha, ikazima. Tarehe 16 uwanja wa DFW ulipima nyuzi 19 chini ya sifuri. Watoto wamevaa makoti ndani ya nyumba, intaneti ya simu inakuja na kupotea, na chombo nilichokinunua kwa ajili ya siku kama ile kipo mezani, kimya.

Kwa aliye nyumbani Tanzania au Kenya huenda skena ni kitu kigeni. Ni redio ya kupokea tu, inapita masafa mengi kwa haraka na kusimama pale inaposikia mtu anaongea. Sisi tunaoishi Texas tunaihitaji hasa Aprili na Mei, msimu wa vimbunga. Idara ya hali ya hewa inatangaza saa 24 kwenye masafa ya MHz 162.400 kwa upande wa Dallas na 162.550 kwa Fort Worth, na wale wa kujitolea wanaokwenda barabarani kuangalia mawingu huripoti wanachokiona kwenye masafa ya redio za ridhaa, yaani za watu wanaowasiliana kwa redio kwa mapenzi yao, si kwa kazi. Kimbunga kikipita na nguzo za umeme zikaanguka, skena yenye betri nzima ni msaada mkubwa.

Ndiyo maana linaniuma nikiona mwenzangu anauliza kwenye kundi, "Jamani, betri gani nzuri? Zangu zinaisha upesi," na watu wanamrushia majina ya betri. Mimi pia nilinunua. Ndani ya mwaka mmoja nilinunua seti tatu, na zote tatu ziliishia kwenye saa mbili au tatu zilezile. Hilo peke yake lingetosha kuniambia kwamba tatizo haliko kwenye betri tu. Seti tatu tofauti haziwezi kuharibika zenyewe kwa mtindo mmoja.

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu, fundi wa redio na simu kule Morogoro. Nilimpigia umeme uliporudi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Betri zangu zina volti 1.3 kila moja, nimezipima, nzima kabisa. Lakini redio inakufa."

"Umezipima redio ikiwa imewashwa au imezimwa?"

Nilikuwa nimezitoa nikazipima zikiwa mezani, kama nadhani wengi wanavyofanya. Akaniambia nizirudishe, niache kifuniko wazi, niwashe redio na kuiacha iongee, halafu nishike ncha za mita ya kupimia volti kwenye miisho ya kila betri, moja baada ya nyingine, hadi redio ilie mlio wa kuisha.

Fanya hivyo na wewe. Mita ya bei ndogo inatosha. Betri ya kuchaji ya nikeli ina volti 1.2 za kawaida; ikitoka kwenye chaja inaweza kuonyesha 1.4, na ikifika 1.0 huku inafanya kazi, hiyo imekwisha. Yangu ya kwanza ilisoma 1.22. Ya pili ilisoma 0.87. Zote mbili zimetoka kwenye pakiti moja, zimechajiwa pamoja, zimetumika pamoja. Ukizitoa na kuziacha dakika tano, ile mbovu inapanda tena hadi 1.2 na kitu, unaiona nzima. Betri isiyobeba mzigo haisemi ukweli.

Kwa kuwa zimepangwa kwa mfululizo, mkondo uleule unapita kwenye zote mbili, na skena inaangalia jumla. Mwenye nguvu hawezi kumbebea mwenzake. Betri dhaifu ikiisha mapema, jumla inashuka na redio inazima, wakati nusu ya chaji ya ile nzima bado imo. Tena ukiendelea kuilazimisha, ile nzima inaanza kulazimisha mkondo upite ndani ya ile iliyokwisha hadi chanya na hasi zake zinageuka, na hapo unaiua moja kwa moja. Kwa hiyo nikiona jozi imepishana kwa zaidi ya volti 0.1 redio ikiwa imewashwa, naitenganisha. Usichanganye mpya na kuukuu, wala aina mbili tofauti. Mimi naandika herufi kwa kalamu ya wino mzito: A na A, B na B. A haikutani na B hata siku moja.

Sasa, kwa nini seti zote tatu zilikuwa hivyo? Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi.

Skena nyingi zinazochaji kwa waya wa USB hazijui betri imejaa lini. Zinahesabu saa tu. Unaingia kwenye menyu, unaiambia chaji saa kadhaa, zikitimia inaacha. Yangu ilikuwa imewekwa saa 8. Nikapima mkondo unaoingia: kama miliampea 200. Saa 8 mara 200 ni miliampea-saa 1,600, kipimo kilekile cha ujazo kinachoandikwa kwenye betri. Lakini betri za nikeli hazihifadhi kila unachoziingizia. Kwa uchaji wa polepole unahitaji kuingiza karibu mara 1.4 ya ujazo wake. Kwa hiyo katika zile 1,600, kilichobaki ndani ni kama 1,140 tu, kwenye betri iliyoandikwa 2,300. Nilikuwa nakula nusu sahani kila siku nikidhani nimeshiba. Hesabu ni rahisi, ifanye: ujazo ulioandikwa kwenye betri, gawa kwa mkondo wa chaja, zidisha kwa 1.4. Kwangu ilitoka saa 16.

Kisha likaja la pili, ambalo bado linanishangaza nilikaaje nalo. Nilikuwa nachomeka skena kwenye laptopu. Laptopu ikilala, nyingi hukata umeme kwenye tundu la USB. Nilikwenda kulala saa nne usiku, nayo ikalala baadaye, na asubuhi naikuta skena haionyeshi chochote cha ajabu. Nilithibitisha kwa kuamka saa nane usiku kuitazama: taa ya kuchaji imezima. Kuanzia siku ile naichomeka kwenye kichwa cha chaja ya simu ukutani. Na waya pia naangalia. Waya mwembamba na mrefu, au ule uliolegea kwenye tundu, unapunguza mkondo bila kukuambia.

Betri isiyojazwa na ikakamuliwa hadi mwisho kila siku, nayo ikiwa pamoja na mwenzake asiyelingana naye, ndiyo inayozeeka haraka. Basi seti zangu tatu sikuuziwa mbovu. Niliziharibu mwenyewe kwa namna moja.

Kuna swichi ndogo ndani ya chumba cha betri kwenye skena nyingi za aina hii, imefichwa pale betri zinapokaa. Upande mmoja ni wa betri za alkalini zisizochajika, upande mwingine ni wa betri za nikeli. Ikiwa upande wa alkalini, redio haichaji kabisa hata uiache wiki. Na kinyume chake ni hatari: betri za alkalini zimo ndani, swichi iko kwenye nikeli, halafu ukachomeka waya. Zinaweza kuvuja au kupasuka. Tafadhali liangalie hilo kila unapobadilisha, hasa kama nyumbani kuna mtoto anayependa kuchomeka vitu.

Nikija kwenye springi na vibati vya kugusia betri. Ukiona unga mweupe au rangi ya kijani, kuna betri ya alkalini iliwahi kuvuja pale. Unaondoa kwa kijiti cha pamba kilicholowekwa siki au maji ya ndimu kidogo, kwa sababu kinachovuja ni chumvi za alkali na asidi inazivunja. Kisha unafuta kwa spiriti na kuacha ikauke. Usikwangue kwa msasa, unatoa ile ngozi ya juu inayozuia kutu. Lakini vibati vinaweza kuonekana safi na bado vikawa vibaya. Mdogo wangu akanifundisha kipimo kingine: redio ikiwa imewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye mwisho wa betri na nyingine kwenye kibati kilekile kinachoigusa. Isome karibu sifuri. Yangu ilisoma volti 0.12. Ni kidogo ukitamka, ila kwa redio inayoishi kwa volti 2.4 jumla na kuzima ikikaribia 2.0, hiyo ni zaidi ya robo ya nafasi yote uliyonayo, imepotelea kwenye springi. Nilisafisha, nikaivuta springi kidogo ikaze, ikashuka hadi 0.01.

Matumizi ya redio yenyewe nitayapitia haraka. Taa ya skrini, sauti kubwa, na skwelchi (kidhibiti cha kunyamazisha mkwaruzo) iliyofunguliwa hadi redio inakwaruza muda wote, hivyo vitatu vinakula sana. Nilipima yangu: miliampea 190 ikiwa inatafuta kimya, 260 mtu anapoongea kwa sauti ya wastani, na taa inaongeza 30 hivi. Ukitumia visikizi vya masikioni spika inapumzika. Skena za kidijitali zinakula zaidi ya za kawaida, na hilo halina dawa, ni maumbile yake. Muhimu ni kujua matarajio ya haki: betri ya 2,000 kwa matumizi ya 220 ni kama saa tisa. Ukipata nane, redio yako haina kosa lolote.

Kuhusu namba zilizoandikwa kwenye betri, naomba uwe mkali. Betri ya nikeli ya saizi ya AA haivuki sana miliampea-saa 2,700. Ukiona 3,500 au 4,000 sokoni au mtandaoni, aliyeiandika anakudanganya. Ipime kwenye mizani ya jikoni. Nzuri huwa na gramu 26 hadi 31. Ikiwa na 18, ndani hamna kitu cha kutosha. Mimi nilihamia kwenye aina inayotunza chaji, ile iliyoanza na eneloop ya Sanyo mwaka 2005. Ujazo wake ni 2,000 tu, lakini betri za nikeli za kawaida zinaweza kupoteza robo ya chaji kwa mwezi zikiwa zimekaa tu, na hizi unazikuta bado na sehemu kubwa ya chaji hata baada ya mwaka. Kwa chombo cha dharura kinachokaa juu ya kabati, 2,000 zinazobaki ni bora kuliko 2,500 zinazoyeyuka.

Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambazo betri za redio zikichoka zinaanikwa. Baba alikuwa anazitoa zile kubwa saa sita mchana, anazipanga juu ya bati la banda la kuku, na jioni tunaisikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania hadi mwisho. Ilikuwa kweli inasaidia: joto linachangamsha kemia ya betri kavu iliyochoka ikatoa kile kidogo kilichobaki. Lakini betri ya kuchaji usiianike, wala usiiache kwenye dashibodi ya gari mwezi wa saba hapa Texas. Joto linaifupishia maisha. Ila somo la baba lina upande wa pili ambao sikuufikiria hadi ile Februari. Kama joto linachangamsha, baridi inazubaza. Betri iliyolala kwenye jiko lenye baridi kali haitoi ilichonacho. Siku za baridi sasa naziweka betri za akiba kwenye mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, na kwenye droo nina jozi mbili za lithiamu zisizochajika, ambazo baridi haizisumbui sana. Nikizitumia hizo, swichi inahamia upande wa alkalini kwanza.

Kama redio yako inatumia betri ya lithiamu ya kuchaji, ile bapa, mengi ya haya yanabaki vilevile isipokuwa moja: ikivimba, acha kuitumia siku hiyohiyo. Usiitoboe, usiichaji tena.

Baada ya yote nilifanya jaribio. Nilichaji saa 16 ukutani, nikawasha asubuhi saa moja kwenye 162.550, taa imezimwa, sauti ya kawaida, nikaenda na shughuli zangu. Mtangazaji wa hali ya hewa hanyamazi, kwa hiyo ni mzigo halisi kuliko kutafuta masafa kimya. Mlio wa kuisha ulikuja saa nane na robo mchana. Saa saba na robo kamili. Nimeandika tarehe na muda huo kwenye kipande cha karatasi nilichokibandika ndani ya kifuniko cha betri, na kila baada ya miezi sita narudia na kuandika chini yake. Mstari wa mwisho, wa mwezi wa tatu kabla vimbunga havijaanza, unasoma saa 6 na dakika 50, jozi B.