Wadogo zangu wa mistari ya jangwa la Mojave, Marekani, toeni vioo begini

Juma hili nimewatazama vijana watatu wapya wakitembea mistari ya kuhesabia kobe, iliyoachana mita 10, macho yamezama kwenye GPS, na kobe mkubwa kama sufuria ya ugali amejilaza chini ya kichaka cha kreosoti hatua nne kutoka kwao. Wakampita. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili hapana.

1. GPS ishike mstari, macho yashike ardhi. Na mgeuke nyuma mara kwa mara, maana shimo la kobe likielekeza mdomo kule mnakokwenda, hamtauona mpaka mmelipita.

2. Kabla ya kuwasha gari, inama utazame chini yake. Kobe hufuata kivuli.

3. Huna kibali, usimshike. Akishtuka hukojoa maji aliyoyatunza tangu mvua ya mwisho, na kwenye ukame huo unaweza kuwa mwisho wake. Mabaki ya chakula rudini nayo, yasiwaite kunguru wanaotoboa magamba laini ya watoto wa kobe.

4. Mashimo. Hapa nivumilieni.

Ilikuwa Mei, msimu wangu wa pili, kwenye eneo lililoombewa kujengwa mtambo wa umeme wa jua. Joto tunalipima sentimita 5 kutoka ardhini, kwenye kivuli cha mwili, na likizidi nyuzi 40 kazi inasimama. Lilikuwa 38, nami nimebakiza mistari miwili. Nikakuta shimo: sakafu bapa, paa la duara kama nusu mwezi. La kobe, bila ubishi. Mdomoni kulikuwa na utando wa buibui, mzima kabisa. Kinyesi sikuona, nyayo sikuona. Kioo cha kumulika ndani kilikuwa begini, na begi lilikuwa mgongoni. Nikaandika daraja la 2, yaani shimo la kobe lililo zima ila halina dalili ya kutumika karibuni, hakuna kobe, nikaenda kumaliza mistari yangu.

Buibui hufuma utando ule kwa usiku mmoja. Kobe anaweza kukaa ndani majuma mengi, kwani sehemu kubwa mno ya maisha yake ni chini ya ardhi. Yote mawili nilifundishwa. Nilitaka tu kuwahi joto.

Uzio wa kuzunguka eneo la mtambo ulipokwisha kujengwa, tukarudi kwa msako wa mwisho wa kuwahamisha kobe. Shimo lile tukalichimba taratibu kwa koleo ndogo na mikono. Kama mita moja na nusu ndani, akaonekana: jike, gamba milimita 230, hai. Msimamizi wangu hakupaza sauti. Aliniuliza, "Kioo kilikuwa wapi?" Sikuwa na jibu, na sikupata usingizi mzuri juma lile lote.

Idadi yangu ilikuwa imeshaingia kwenye fomula. Ile fomula ya kukadiria kobe wote wa eneo huchukua kobe wakubwa tuliowaona, ikagawanya kwa uwezekano wa kuwaona, ambao ni chini ya moja, kwa hiyo niliyemruka hakupunguza kobe mmoja tu. Alipunguza zaidi ya mmoja kwenye ripoti iliyosomwa na watu walioamua hatima ya ardhi ile. Na jike huchukua miaka kati ya 12 na 20 kufikia kuzaa. Mnyama huyu analindwa na sheria ya Marekani tangu 1990. Kwenye fomu yangu hakuwepo.

5. Maji mengi, kofia pana, betri za akiba.

Kesho tunaanza saa kumi na mbili asubuhi. Vioo nitavikagua kabla ya mstari wa kwanza, na nataka kuviona mkononi.