Ukitoka nje ukasikia raha, umevaa nguo nyingi mno

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Ziwa nalijua kwa mitumbwi na harufu ya dagaa, si kwa kutembea juu yake. Ndiyo maana Januari yangu ya kwanza Minnesota, Marekani, jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, aliponialika tukavue samaki juu ya ziwa lililoganda, nilidhani ananitania. Nje ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri.

Nikavaa hadi nikafanana na robota la mitumba: fulana mbili, sweta la pamba, jinzi juu ya jinzi, koti. Tukavuta sleji ya vifaa kwenye theluji kama nusu kilomita, nikafika natiririka jasho. Moyoni najisifu: baridi yenyewe ndiyo hii? Tukakaa kwenye ndoo zetu. Haikupita robo saa, ile fulana iliyolowa ikawa kama bati la barafu mgongoni, vidole vikagoma hata kutia chambo kwenye ndoana.

"Baridi haina kosa," mzee akaniambia. "Umejilowanisha mwenyewe."

Tangu siku hiyo pamba sivai tena nikienda kwenye theluji, maana ikilowa haikauki upesi na inakunyonya joto lote. Karibu na ngozi navaa sufu, kati sweta la flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya, juu koti la kuzuia upepo. Mlangoni nitoke nikisikia kabaridi kidogo. Mwendo wenyewe utanipasha. Jasho likianza kunyemelea nafungua zipu papo hapo. Viatu viwe na nafasi, kwa sababu soksi tatu zikibana damu haipiti, na vidole vya miguu ndivyo vinavyoumia kwanza. Simu iweke mfuko wa ndani, la sivyo betri itakufa ukiwa bado hujapiga hata picha moja.

Barafu nayo haitaki ujuaji. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri angalau inchi 4, kama sentimita 10, za barafu mpya iliyo angavu kabla ya mtu kutembea juu yake. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji ina takriban nusu tu ya nguvu hiyo. Mzee hutoboa kwa keekee na kupima kila tunapoendelea mbele, ingawa ziwa hilo amelivua tangu utotoni. Wapo wanaoingia na pikapu zao. Mimi natembea kwa miguu, asanteni.

Halafu ziwa hulia. Barafu ikitanuka au kusinyaa hutoa mngurumo mrefu unaopita chini ya miguu yako. Nilipousikia mara ya kwanza nilitupa fimbo ya kuvulia nikakimbilia ufukweni. Mzee alicheka hadi machozi yakamganda kwenye kope.

Wiki iliyofuata nilirudi na fulana ya sufu, nikakaa saa tatu nzima. Tulipata samaki wawili aina ya walleye, nyama nyeupe kama ya sangara. Tukawakaanga kwangu, nikasonga ugali. Mzee aliula kwa uma.