Kabla hujaandika "uzembe wa dereva"

Nyie mnaoanza kazi ya madai ya bima hapa Mtwara, kwenye mafaili mtachoka kusoma maneno mawili: mwendokasi na uzembe. Gari likiwa limeendeshwa na mwanamke, mara nyingi kuna mtu ameongeza kwa peni pembeni, "dereva mwanamke", kana kwamba huo ni ushahidi. Hayo yawekeni kando kwanza, mwende eneo la tukio.

Kulikuwa na gari dogo lililogongwa nyuma mjini, penye kivuko cha waenda kwa miguu. Dereva wa pikapu alieleza kwamba "mama alifunga breki ghafla", na maelezo yake yakapokelewa hivyohivyo. Tulipofika, buruzi la matairi ya pikapu lilianza hatua chache tu kabla ya mistari ya kivuko. La gari dogo halikuwepo kabisa. Muuza mihogo aliyekaa hapo alituambia kuna mtoto wa shule alikuwa anavuka. Kwa hiyo mama alisimama taratibu kama inavyotakiwa, na pikapu ilikuwa imembana mno. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo mjini, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde; anayemfuata mwenzake bampa kwa bampa hana mita hizo. Angekuwa baba, nani angeandika "dereva mwanamume"?

Simaanishi kwamba jinsia haina la kusema. Shirika la Afya Duniani limeonesha kwamba vijana wa kiume wanakufa barabarani karibu mara 3 ya wasichana wa rika lao. Ila huku kwetu malori ya korosho, yale ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuja bandarini, mabasi ya Dar na bodaboda karibu zote wanaendesha wanaume. Ukihesabu mafaili bila kuuliza nani yuko barabarani kutwa na usiku, umehesabu ajira, hujahesabu tabia.

Tabia ipo, na ina sababu zake. Kijana wa bodaboda anadaiwa hesabu na mwenye pikipiki, mvua inyeshe isinyeshe. Jioni hesabu haijatimia, ndipo anapoanza kupita kulia na kushoto. Dereva wa lori ameshinda foleni ya kushusha mzigo, halafu tajiri anapiga simu anamtaka Masasi alfajiri. Huyo muulizeni alilala wapi na alikula saa ngapi. Wengine, ni kweli, wanaovateki kilimani kwa sababu tu wamepitwa na mtu wasiyempenda, na abiria wa nyuma wanashangilia "kanyaga!" Hiyo nayo iandikeni kama ilivyotokea.

Swali la "ulikuwa mwendo gani?" halina faida. Basi na lori ukomo wake ni 80, kwa hiyo wote watakujibu "themanini", hata aliyeingia porini na kichwa chote cha lori. Ulizeni ameondoka Masasi saa ngapi, amepita Mnazi Mmoja saa ngapi, alisimama wapi. Mgawanye kilomita kwa muda wenyewe. Tena hapohapo muangalie tairi: kipara huwa kinafichwa upande wa ndani.

Barabara nayo msiisahau. Mvua na Kimbunga Hidaya, Mei 2024, viliikata ile ya Dar pale Somanga, Kilwa; tangu hapo mimi shimo na mchepuo navipiga picha kabla hata ya gari.

Upande wa majeruhi ndiko wanawake wanakojaa kwenye mafaili ya bodaboda. Wengi hupakiwa wamekaa upande, kanga au baibui ikaning'inia karibu na gurudumu, na helmeti moja iliyopo iko kichwani kwa dereva au imetundikwa mkononi mwake. Kanga ikishikwa na spoku, abiria anavutwa chini hata kama pikipiki haikugonga chochote. Muiulizie ile kanga, muione ilichanika wapi. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, haitawaambia hilo.

Na mkimkuta wodini, mwombeni mumewe kwa heshima atoke nje kidogo. Akibaki, yeye ndiye atakayejibu, na hakuwepo.